Sindano ya Sabini na Tatu

Wahenga walisema kwamba atafutaye hachoki, akichoka keshapata. Maana yake ni kuwa mwenye haja ya kweli hazuiliki. Huendelea kutafuta tu, na siku utakapomkuta ameketi chini, jua kitu anacho mkononi. Ni maneno matamu. Ila mtu anaweza kujiuliza kama wahenga hao waliwahi kukaa miaka tisa kwenye chumba kisicho na dirisha, wakatengeneza sindano sabini na mbili, kila moja ikiwa na ncha isiyoonekana kwa macho, na zote zikawatoa jasho bure. Fundi tunayemsimulia hapa alizitengeneza. Alichoka mgongo, akachoka macho, akachoka hata kuulizwa kama amechoka. Basi, ama methali ni ya uongo, ama uchovu uko wa namna mbili.

Fundi huyo alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba kama ufito, mwenye miwani iliyofungwa mguu mmoja kwa selotepu. Alifanya kazi katika chumba cha chini kabisa cha jengo la chuo lenye ghorofa nne, ambalo lifti yake iliguna kama mzee aliyeamshwa kabla ya saa yake. Katikati ya chumba ilikuwapo mashine: chungu cha chuma chenye ukubwa wa pipa, kilichozungushiwa karatasi za foili na kuning'inizwa kwa springi nne nene kama mikono ya mtoto. Hewa yote ya ndani ilikuwa imefyonzwa. Humo, katika baridi inayoweza kuligeuza jani kuwa kioo, kililala kipande cha dhahabu kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, na juu ya dhahabu hiyo ikasimama sindano.

Mashine ilikuja chuoni ikiwa maiti. Chuo kingine kiliitupa, Profesa akaiokota, akamkabidhi fundi na kumwambia neno moja: "Ifufue." Aliifufua. Alibadilisha nyaya, akaziba matundu, akasuka springi. Lakini kazi ambayo mashine ile ilizaliwa kuifanya, yaani kuonyesha molekuli moja peke yake, si kundi wala rundo, ilikuwa bado haijaifanya hata mara moja.

Jumatatu moja asubuhi mama yake, aliyekuwa akiishi naye, alimwekea chai mezani na kumtazama jinsi alivyoegemeza kichwa kwenye kiganja.

"Hivi hicho kidude chako kina ukubwa gani?" mama aliuliza.

"Vuta unywele wako mmoja, mama. Halafu zipange molekuli zangu bega kwa bega kutoka ukingo mmoja wa unywele hadi wa pili. Zitaingia kama elfu hamsini."

"Elfu hamsini! Na wewe unazitafuta kwa miwani yenye plasta?"

"Miwani haisaidii hapo. Hata darubini haisaidii. Mwanga wenyewe ni mnene mno, wimbi lake ni pana mara mia tatu kuliko kitu ninachokitafuta. Ni sawa na kutafuta punje ya chumvi mezani huku umevaa soksi tatu mkononi."

"Sasa unafanyaje?"

"Napapasa. Sindano inapita juu yake bila kuigusa, umeme kidogo unavuja kati yao. Ikikuta kilima, umeme unaongezeka; ikikuta bonde, unapungua. Mashine inachora mstari, inarudi, inachora mwingine. Mistari mia tano ikitimia, una picha."

Mama alicheka hadi akashika ubavu. "Yaani nilikusomesha miaka yote ile, uende mjini ukapapase gizani!"

Fundi naye alicheka, ila kicheko chake kilikuwa kama taa ya betri iliyokwisha. Akavaa viatu akaenda kazini.

Huko alimkuta Profesa amesimama mlangoni mwa chumba cha chini, jambo lisilo la kawaida, kwa kuwa Profesa alikuwa na magoti mabovu na ngazi zilikuwa adui zake.

"Kamati inakuja Ijumaa, saa tatu asubuhi," alisema bila salamu. "Wameniletea swali moja tu. Mmeiona, au hamjaiona? Kama hatujaiona, mashine itafunguliwa vipandevipande, na chumba hiki kitakuwa stoo ya viti."

"Na mimi?"

Profesa aliangalia sakafu. "Wewe watakupeleka kwenye mashine za kudurufu karatasi, ghorofa ya pili."

Fundi hakulia wala hakulalamika. Alivaa koti lake jeupe, ambalo weupe wake ulikuwa umebaki jina tu, akakaa mbele ya mashine. Katika miaka yake tisa, zilikuwa zimebaki siku nne.

Tatizo lake kubwa halikuwa molekuli, molekuli zilikuwapo. Alikuwa amezinyunyiza mwenyewe juu ya dhahabu: rangi ya bluu ya kawaida, ile inayopakwa milangoni na kutiwa kwenye wino. Tatizo lilikuwa jengo. Sindano ilielea karibu na dhahabu kwa umbali mdogo hivi kwamba mtu akipiga chafya ngazini, mstari wa picha uliruka. Fundi alikuwa amezisoma picha zake mbovu kwa miaka mingi hata akazijua kama daktari ajuavyo mapigo ya moyo.

"Hii hapa," alimwambia tarishi wa jengo siku hiyo, akimwonyesha mawimbi kwenye skrini, "ni kigari chako cha chai, saa nne kamili. Gurudumu la kushoto ni bovu. Na hii ni lifti. Na hiki kidogo hapa ni kikohozi cha karani wa ghorofa ya kwanza."

Tarishi, ambaye jengo zima lilimwita Redio kwa kuwa habari haikulala kwake, aliinama akatazama. "Mama Sindano, mashine yako imetupiga picha sote. Imebaki molekuli tu!"

"Ndiyo hivyo, Redio. Yenyewe tu ndiyo haijafika studio."

"Itakuwa inajipodoa," alisema Redio, akaondoka na kigari chake, gurudumu likilia kwi, kwi, kwi, na mstari kwenye skrini ukiruka mara tatu.

Siku ya Jumatano mchana, wanafunzi wakiwa nje na kigari kikiwa kimeegeshwa, sindano ya sabini na mbili ilichora kitu. Kwanza ukingo. Kisha petali. Mstari baada ya mstari, vilijitokeza vijiua vyenye petali nne, vimetulia juu ya dhahabu kama vifungo kwenye shati. Ndivyo molekuli ya rangi ile ilivyo, kitovu kimoja na mikono minne. Profesa alikuwa ameichora ubaoni kwa miaka thelathini bila kuiona, kama mtu anayesimulia sura ya shemeji aliyesikia habari zake tu. Fundi alimpigia simu. Profesa akashuka ngazi zote bila kukumbuka magoti.

"Mungu wangu," alisema. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mungu wangu! Tena ziko mbilimbili, kama mapacha!"

Redio alikuwa keshafika, bila kuitwa na mtu. "Mapacha! Nakwenda kuwaambia ghorofa ya nne."

"Usiende," alisema fundi.

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote wawili waligeuka. Alikuwa amesogeza uso hadi karibu na skrini, na furaha iliyokuwa imeanza kuchanua usoni mwake ilikuwa ikinyauka.

"Angalia, Profesa. Kila ua lina pacha wake upande wa kulia. Umbali uleule. Mwelekeo uleule. Mapacha gani hao wanaosimama wote kwa amri moja? Na tazama hapa, ukingo wa dhahabu, pale inaposhuka kama ngazi. Nao una pacha."

Profesa alitazama.

"Sindano ina ncha mbili," fundi aliendelea. "Ya kwanza inapapasa, halafu ya pili inapapasa palepale, mashine inachora mara mbili. Hatuwezi kujua ua lipi ni ua na lipi ni kivuli."

Profesa alishusha pumzi. "Fundi. Kamati haina mtu wa sindano hata mmoja. Tunakata upande mmoja wa picha, tunabakiza ua moja. Ni molekuli. Wewe unajua ni molekuli, mimi najua ni molekuli. Nani atajua?"

"Yeyote aliyewahi kukata sindano, akiiona tu. Sisi wakata sindano tunajuana kwa vilema vya sindano zetu, Profesa. Picha hii ikiwafikia wenzangu, watatucheka."

"Tutachekwa tukiwa na mashine."

"Na swali lao? Wameuliza kama tumeiona. Ukinisimamisha pale mbele na picha iliyokatwa, nitajibu nini?"

Profesa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasugua magoti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mzee aliyechoka, na uchovu ukizidi humfanya mtu aone njia ya mkato kuwa barabara kuu. "Basi fanya unavyoona," alisema hatimaye. "Lakini muda umekwisha."

Fundi alijaribu kuinusuru sindano ileile. Aliichomeka kidogo kwenye dhahabu ili ncha ya pili ivunjike, kama mtu anayegonga kalamu mezani. Ncha ya pili ilivunjika. Ya kwanza ilivunjika pia. Sindano ya sabini na mbili ikawa butu kama kisigino.

Alhamisi asubuhi alianza ya sabini na tatu. Kazi hiyo hufanywa kwa kuchovya waya mgumu ndani ya dawa kali na kupitisha umeme. Dawa huula waya kiunoni, kidogo kidogo, mpaka kipande cha chini kinaanguka kwa uzito wake, na palipokatika ndipo penye ncha. Ukizima umeme kabla ya wakati, waya haujakatika. Ukichelewa kufumba na kufumbua, dawa imeila ncha. Fundi alishika swichi kwa mkono wa kulia, akaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ili usiteleze. Hakuwa amekula tangu jana yake. Waya ulianguka, alizima.

Kuiingiza sindano ndani ya chungu na kuifyonza hewa iliyoingia nayo kulichukua siku nzima iliyobaki. Jioni fundi alifunga mlango bila kujua kama ndani ameacha sindano au msumari. Nafasi ya kuijaribu haikuwapo tena. Ingejaribiwa Ijumaa, mbele ya kamati.

Kabla ya kuondoka alimtafuta Redio, akamkuta akisuuza vikombe.

"Nina ombi. Kesho saa tatu, jengo lote litulie. Lifti isimame. Pampu ya maji izimwe. Viti visiburutwe. Robo saa, labda mara mbili."

Redio alikausha mikono taratibu. Miaka yote alikuwa amemtania mama huyu, na kwa mara ya kwanza alimwona jinsi mabega yalivyomshuka. "Watu mia nne hao, Mama Sindano. Watauliza kwa nini."

"Waambie ukweli. Kuna kitu kidogo sana kinaogopa kelele."

"Nitawaambia kuna mgonjwa," alisema Redio. "Ukweli wako hautaeleweka." Kisha akaona uso wake, akajirudi. "Haya, haya. Nitawaambia ukweli. Wakinicheka shauri lako."

Ijumaa saa tatu kamili kamati iliingia, watu watatu. Mwenyekiti alikuwa daktari wa macho aliyestaafu, mwanamke mzee mwenye mgongo ulionyooka na macho ya mtu aliyedanganywa mara nyingi na hataki tena. Fundi aliwaomba wavue viatu na wakae chini. Wajumbe wawili walitazamana. Daktari alivua vyake kwanza, basi nao wakafuata.

Huko juu jengo lilianza kunyamaza. Lifti iliguna mara ya mwisho, ikakoma. Pampu ikakata. Nyayo zikapungua ghorofa baada ya ghorofa, hadi pakawa na utulivu ambao fundi, kwa miaka tisa, hakuwahi kuusikia. Watu mia nne walikuwa wameketi kwenye viti vyao, wengine wakicheka kimoyomoyo, wakimsubiri mtu asiyeonekana.

Mstari wa kwanza ulipita. Laini. Wa pili. Wa kumi. Profesa alikuwa amefumba macho. Kwenye mstari wa mia mbili na kitu palitokea kijilima, kisha kikawa petali, kisha petali mbili, kitovu, na petali nyingine mbili. Ua moja. Kulia kwake hapakuwa na kitu, ila dhahabu tupu. Mbali kidogo kulikuwa na mengine matatu, kila moja likiangalia upande wake, na kushoto kabisa ukingo wa dhahabu.

"Hiyo," alinong'ona fundi. "Hiyo ni moja."

Wajumbe wawili walisogea kwa magoti kama watoto. Daktari hakusogea.

"Mimi nimewauliza watu 'unaona nini?' kwa miaka thelathini na tano," alisema. "Unajua wagonjwa hufanya nini? Hukariri herufi za ubaoni. Anaingia haoni hata mlango, anakusomea mstari wa mwisho bila kukosea. Profesa hapa amekuwa akiyachora maua haya ubaoni tangu mimi niwe na nywele nyeusi. Nitajuaje kwamba mashine yenu haijakariri?"

Profesa alifungua mdomo. Fundi alimtangulia.

"Swali zuri, Daktari. Nami nimejiuliza hilo kila siku." Lilikuwapo jambo moja alilowahi kulisoma na hakuwahi kulijaribu, kwa kuwa lingeweza kuiua sindano. "Kilichokaririwa hakisukumiki. Chagua wewe. Nikisukume upande gani?"

"Unaweza kusukuma kitu hicho?"

"Sijui. Nikikosea, sindano imekufa, na picha hii ndiyo ya mwisho."

Profesa alimtazama kama mtu anayemwona mwenzake akitembea ukingoni mwa paa. Daktari alifikiri. Kisha akanyoosha kidole. "Kushoto. Kwenye ule ukingo wa dhahabu."

Fundi aliishusha sindano upande wa kulia wa ua lile, chini zaidi ya alivyowahi kuishusha kwa hiari yake. Aliihamisha kushoto, polepole mno, kama anayemhamisha mtoto aliyelala kutoka kitanda hadi kitanda. Akaiinua. Hakuna aliyeweza kuona kama kitu chochote kimetokea. Ilibidi papapaswe upya, mstari kwa mstari, na kwa dakika kumi na mbili watu watano walikaa miguu mitupu juu ya saruji baridi bila kukohoa.

Mahali ua lilipokuwa palikuwa na dhahabu tupu. Ua lenyewe lilikuwa limeketi ukingoni, upande wa kushoto, limegeuka kidogo, petali moja ikiwa imeegemea ngazi ya dhahabu. Yale matatu mengine hayakuwa yamesogea hata kidogo.

Sasa Daktari alisogea. Alikaribia skrini hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Alitazama picha ya kwanza, akatazama ya pili, akarudi kwenye ya kwanza.

"Limetoka pale," alisema, "likaja hapa. Kwa sababu mimi nilisema kushoto."

"Ndiyo, Daktari."

"Lakini bado hujaliona kwa macho. Umelipapasa."

"Kipofu akimpapasa mwanawe usoni akamtaja jina," alisema fundi, "wewe uliyetibu macho, utamwambia hajamwona?"

Daktari alichukua karatasi ya kamati, na chini ya swali lile moja akaandika neno moja kwa herufi kubwa: IMEONEKANA. Akaweka sahihi. "Mashine inabaki. Na fundi wake."

Profesa aliruka, magoti yakamkumbusha umri, akashikwa na wajumbe wawili ili asianguke. Redio, aliyekuwa ameweka sikio mlangoni, alitimua mbio kupanda ngazi, na muda si muda ghorofa moja baada ya nyingine zililipuka kwa vigelegele na viti vikaburutwa kwa nguvu ambayo havikuwahi kuburutwa. Katika shangwe hilo ndipo walipogundua kwamba mwenye shangwe lake hayupo kati yao. Fundi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu mitupu imenyooshwa, miwani imeshuka puani. Alikuwa amelala fofofo, usingizi wa mtu asiyedaiwa na kesho.

"Amechoka, maskini," alinong'ona Profesa.

Daktari alikuwa akifunga kamba za viatu. Aliinua uso.

"Maskini wa nini? Jana ulimwona amepumzika? Juzi je?"

Profesa alifikiri, akatikisa kichwa. Miaka tisa hakuwahi kumwona akipumzika.

Daktari alijiinua kwa kushika ukuta, akapita mbele ya fundi kwa kunyata, na kwenye mlango akasema kwa sauti ya chini, kama anayesoma mstari wa mwisho wa ubao bila kuukariri: "Basi walisema kweli. Atafutaye hachoki, akichoka, keshapata."